Shamba la Mwisho Kwenye Mfereji

Mtu mmoja aitwaye Mbonea alikuwa na shamba la kwanza. Nasema la kwanza kwa hesabu ya maji, si kwa ukubwa. Juu ya kijiji chao, huko milimani Upare, kulikuwa na chemchemi isiyo na haraka, ambayo ikiachiwa itiririke yenyewe haifiki hata nusu ya mashamba. Kwa hiyo watu wa zamani walichimba bwawa chini yake, wakalizungushia mawe na udongo, wakaliita ndiva. Jioni tundu la ndiva lilizibwa, na maji yakajikusanya taratibu watu wakiwa wamelala. Asubuhi tundu lilizibuliwa, maji yakashuka yote kwa pamoja, yakiwa na nguvu ya kufika mbali. Mfereji uliyapokea. Ulipita kwanza kwa Mbonea, kisha kwa jirani yake Sekiete, kisha kwa wengine wengi, ukazunguka kilima, na mwisho kabisa, ukiwa umebaki mwembamba kama mshipi, ukaingia katika shamba la mjane mmoja aitwaye Nakadori.

Mbonea hakuwa mtu mbaya, na naomba mlikumbuke hilo, maana tukimfanya mbaya sote tutaenda nyumbani tumestarehe. Baragumu la msaragambo lilipolia, siku ile ya mwaka ambayo kijiji kizima hutoka kuzoa tope ndani ya ndiva na kusafisha mfereji, naye alikwenda na jembe lake, akachimba, akala makande pamoja na wenzake. Zamu yake ya maji ilipofika alifungua, ilipokwisha alifunga. Lakini mwaka mmoja tangawizi ilipata soko. Mbonea alitazama maharage yake, akatazama mahindi yake, akayaona kama ndugu maskini waliokuja kukaa bila kualikwa. Akang'oa vyote. Akapanda tangawizi tangu ukingo wa mfereji hadi nyuma ya choo. Chakula cha nyumba yake, karo ya watoto wake, na bati alilokuwa amemwahidi mkewe Naetwe tangu siku ya posa, vyote vikawa chini ya ardhi vinangoja maji. Na tangawizi si mvumilivu. Mahindi yakiona kiu hukunja majani yakasubiri. Tangawizi hununa, na ikinuna hairudi.

Siku moja, si siku ya zamu yake, Mbonea aliona ukingo wa mfereji unavuja kidogo upande wa shamba lake. Kwa kawaida mtu akiona hivyo huchukua konzi ya udongo akakandika, mambo yakaisha. Mbonea alisimama akatazama. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tuta la kwanza bila kelele, kama mgeni mstaarabu. Akaondoka bila kukandika. Kesho yake alirudi na kijiti, akalisaidia tundu lile kidogo. Baadaye akalitia kipande cha mwanzi, kisha akaegesha majani ya mgomba juu yake, si kwamba anaficha, alijiambia, bali jua lisikaushe udongo. Naye akasema moyoni: Maji yanapita mlangoni pangu kutwa nzima. Nikichota kikombe kimoja, nani atapungukiwa?

Swali hilo lilikuwa na jibu, ila jibu lilikaa mbali, nyuma ya kilima, na Mbonea hakuwa na safari za kule.

Sekiete aliuona ule mwanzi. Hakumkemea mwenzake wala hakumshitaki kwa mzee wa mfereji. Alijifunza. Naye wa chini ya Sekiete akajifunza kwa Sekiete, na mzee wa mfereji mwenyewe, aliyepewa kazi ya kulinda zamu, alipoona kila mtu ana mwanzi wake akaona ni ujinga kubaki peke yake na mdomo mkavu. Kila mmoja alichukua kidogo, na kila mmoja alisema kweli aliposema kwamba amechukua kidogo. Huo ndio ubaya wa dhambi ya namna hii. Ukiwakusanya wenye makosa, humpati hata mmoja aliyekosa sana.

Kwenye shamba la mwisho, mfereji ulianza kufika ukiwa na maji ya kulowesha mchanga tu. Nakadori alipanda maharage, yakaota, yakachanua, na maua yakadondoka yakiwa makavu. Katika msaragambo uliofuata alisimama mbele ya watu, tope likiwa limemfika magotini kama wengine, akasema maji hayamfikii. Wakamwonea huruma kweli. Wakasema mvua zimekuwa chache siku hizi. Mmoja akasema miti imekatwa sana huko juu. Mzee wa mfereji akasema jambo hilo tutalitazama, na mnajua ninyi jambo linaloambiwa tutalitazama huishia wapi. Mbonea alikuwa karibu, ameegemea jembe. Alitazama chini, akakwangua tope kwenye mpini, ingawa mpini ulikuwa safi. Nakadori akapanda tena, na maharage yakakauka tena. Safari hii hakusimama mbele ya mtu. Aliyang'oa yote, akafunga majani makavu kwa ajili ya mbuzi, akatundika kijembe chake darini, akaanza kusuka vikapu vya kupeleka gulioni.

Sasa kuna jambo moja ambalo Mbonea alikuwa akiliona kila siku bila kulitazama. Tangu alipoanza kulima pale, kila jioni jua likianza kulegea, Nakadori alikuwa akipita kwenye ukingo wa mfereji, kijembe begani, akipanda kuelekea juu. Walisalimiana vizuri.

"Unapanda tena, mama?"

"Napanda, baba. Hamjambo humo?"

Basi. Baadaye alirudi akishuka, mikono ina udongo, wakasalimiana tena. Mbonea alidhani ana mbuzi huko juu. Siku moja alimwambia mkewe kwamba yule mama kwa umri wake anapenda matembezi kweli. Naye alipoacha kupita, Mbonea hakugundua. Nani hugundua kitu ambacho hakimgongi?

Alichogundua ni kwamba asubuhi moja hakukuwa na maji. Mzee wa mfereji alipanda kuzibua ndiva, akakuta ni tupu, imebaki tope na vyura. Usiku kucha maji yalikuwa yametoka kidogo kidogo, yakaingia mferejini, yakamezwa na ardhi njiani bila kumfaa mtu. Kesho yake ikawa vilevile. Watu wakasema chemchemi inakufa. Wengine wakasema ni adhabu, wakaanza kutajana majina. Mbonea hakungoja mjadala, maana majani ya tangawizi yalikuwa yameanza kuwa na kingo za njano. Akapanda mwenyewe hadi ndivani, akachungulia, akaona chemchemi iko palepale na tundu liko wazi. Akarudi nyumbani amekasirika.

"Kumbe hakuna mtu anayeziba! Kazi ya kuziba ni ya nani?"

Naetwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Si Nakadori? Ulidhani alikuwa anakwenda kupunga upepo?"

Hapo ndipo Mbonea alipokaa kwenye kigoda, akaelezwa desturi ya kijiji alichozaliwa. Watu wa zamani walipoijenga ndiva walijiuliza kazi ya kuiziba wampe nani. Mwenye shamba la kwanza yuko jirani, lakini hana haja; maji yakiwa mengi au machache, yeye atakunywa. Wakampa mwenye shamba la mwisho. Huyo ndiye ambaye ndiva isipojaa hapati kitu, kwa hiyo hatasahau kuiziba wala hataiziba kwa kulipua. Tena huyo, ili afike ndivani, lazima aufuate mfereji wote kutoka mkiani hadi kichwani, na njiani ataona kila jiwe lililoanguka, kila shimo la kaa, kila handaki la fuko, na kwa kuwa maji hayo ni yake atakandika, ataondoa, atafukia. Hakulipwa. Malipo yake yalikuwa maji kumfikia. Kwa miaka yote ile Mbonea alikuwa amekunywa kwa mkono wa mtu aliyemdhania mtembezi. Na ile mianzi, Nakadori alikuwa ameiona yote, mmoja baada ya mwingine, chini ya majani ya mgomba, huku akiwaamkia wenyewe.

Watu wakaitana, wakapanga zamu ya kuziba. Mpango ulikuwa mzuri. Mipango ya namna hii huwa mizuri. Wa kwanza aliziba akashuka mbio kabla ya giza. Wa pili alikuwa na msiba. Wa tatu alisema ameziba, na alikuwa ameziba kweli, kwa nyasi kavu. Kila mmoja aliyekwenda alitoka shambani kwake akapanda juu, kwa hiyo hakuna aliyeuona mfereji ulio chini yake, na mashimo ya kaa yakaendelea kupanuka bila mwenyewe. Wanawake mtoni walicheka wakasema aliye juu mngoje chini. Mbonea aliambiwa maneno hayo na mkewe, akajifanya hajasikia.

Mwisho aliona atafanya mwenyewe. Jioni moja alichukua kipande cha mgomba, akakizungushia nyasi mbichi, akakisukumiza kwenye tundu la ndiva kwa mti, akakandika kwa udongo wa kinamo hadi mikono ikamuuma. Ndiva ikajaa usiku ule kama ilivyokuwa haijajaa kwa muda mrefu. Asubuhi akaizibua kwa furaha, akashuka akikimbizana na maji kwenda kuyapokea shambani. Lakini ukingo wa mfereji pale kwake ulikuwa umechoka. Mashimo ya kaa yalikuwa yameula kwa upande mmoja, na mwanzi wake mwenyewe kwa upande mwingine, na katikati palibaki udongo laini tu. Maji yalipofika hayakuomba njia. Ukingo ulikatika mahali pale pale penye majani ya mgomba, na ndiva nzima ikaingia shambani kwa Mbonea kwa mara moja, ikabeba matuta, ikabeba tangawizi na udongo wake, ikateremka navyo korongoni. Mtu aliyekuwa akiiba kikombe alipewa pipa. Naetwe alisimama mlangoni ameshika kichwa. Mbonea alisimama katikati ya tope, na aliona aibu kuliko hasara, maana kipande kile cha mwanzi kilikuwa kimelala juu ya tope, cheupe, na majirani walikuwa wanakuja kumpa pole.

Nusu ya tangawizi ilibaki. Hiyo nusu ndiyo iliyompeleka chini, nyuma ya kilima, kwenye shamba ambalo hakuwahi kulikanyaga. Alikwenda na mkungu wa ndizi, kama mtu anayejua kwamba hana cha kusema. Alimkuta Nakadori barazani anasuka. Shamba lilikuwa mbele yao, jeupe, limepasuka, na mfereji ulioingia ndani yake ulikuwa umeota majani. Mbonea akapokelewa, akapewa maji ya kunywa katika kikombe, akayanywa. Kisha akasema wameshindwa kule juu. Akasema kijiji kimekubali kwamba kila mwenye shamba atamtengea mama fungu wakati wa mavuno, yeye asilime tena, asihangaike, awe anapanda jioni kuziba tu kama zamani.

Nakadori aliweka kikapu chini.

"Mbonea mwanangu, mimi nilikuwa naiziba ndiva kwa ajili ya maharage yangu. Leo unataka niizibe kwa ajili ya tangawizi yako?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Mbonea angepata pa kushika, angejitetea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mbonea akaaga. Mkungu wa ndizi aliuacha pale, na njia nzima ya kurudi alisumbuka kwa wazo kwamba huenda ulionekana kama rushwa, maana ndivyo ulivyokuwa.

Aliporudi alijenga ukingo upya kwa mawe, na mwanzi akautupa jikoni ukapikia uji. Jioni akapanda kuziba ndiva. Asubuhi akaizibua, na hapo akafanya jambo ambalo lilisemwa kijijini kwa muda. Maji yalipofika kwake hakufungua. Aliyaacha yapite, naye akaanza kutembea nayo ukingoni, hatua kwa hatua, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Akapita kwa Sekiete. Sekiete alikuwa ameinama kwenye mwanzi wake, akamwona, akajifanya anang'oa magugu. Akapita kwa mzee wa mfereji, naye mzee akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli ndani. Ni vigumu kuiba maji ambayo yana mtu pembeni yake. Njiani Mbonea aliona mashimo ya kaa kwa mara ya kwanza, akayakandika. Aliona mahali jiwe limeziba nusu ya njia, akaliondoa. Akaona mianzi, mingi, akamwacha kila mwenye nao na dhamiri yake. Alipozunguka kilima aligeuka nyuma, akaliona shamba lake kwa mtazamo wa mtu wa chini. Lilionekana juu sana, na lilikuwa la kijani. Kisha akayafikisha maji hadi mwisho, yakaingia katika lile shamba jeupe lisilo na mmea hata mmoja, yakazama kwenye nyufa yakitoa sauti. Nakadori alikuwa barazani. Hakuinuka wala hakushukuru. Shamba liliposhiba maji ndipo Mbonea akarudi akiwafungulia watu kutoka chini kwenda juu, na yeye mwenyewe akanywa wa mwisho.

Alifanya hivyo tena, na tena. Watu walimcheka. Wakasema tangawizi imemharibu kichwa, sasa anamwagilia vumbi.

"Utavuna nini kule, mume wangu?" Naetwe alimuuliza. "Mawe?"

Mbonea akachukua jembe lake akatoka. Sitawaambieni kwamba alikuwa amegeuka mtakatifu. Aliiogopea tangawizi yake, na hofu hiyo ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi. Lakini alikuwa ameelewa jambo moja, nalo lilitosha: kwamba mkia ukifa, kichwa hakiishi muda mrefu, hata kama ndicho chenye mdomo. Sekiete alikuwa wa kwanza kuona aibu. Aliutoa mwanzi wake, akakandika, akasema ulikuwa umeoza. Na ya wengine ikaanza kuoza, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeulizwa.

Asubuhi moja Mbonea aliposindikiza maji hadi chini, alikuta majani yaliyokuwa yameota ndani ya mfereji wa Nakadori yamefyekwa. Siku nyingine akakuta udongo umetifuliwa. Kisha akaona mistari ya mashimo madogo yaliyofukiwa kwa kisigino, kama wafanyavyo wanawake wa kule wanapopanda maharage, na moyo wake ukaruka, ingawa hakuonyesha. Alisalimia tu, akarudi na shughuli zake. Wakati huo tangawizi iliyobaki ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, lakini bado alikuwa anapanda mwenyewe kila jioni, na mgongo ulikuwa unamuuma, naye alikuwa anajiuliza kama ataweza kuziba ndiva maisha yake yote.

Halafu ikafika jioni aliyochelewa. Alikuwa amekwenda gulioni, akarudi jua limezama, akashika nyasi mbichi na kipande cha mgomba, akapanda mbio huku akilaumu miguu yake. Alipofika ndivani alikuta tundu limezibwa. Nyasi zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo la mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, na udongo ulikuwa bado mbichi. Maji yalikuwa yameanza kupanda kwenye mawe. Mbonea aliziweka chini nyasi zake, akakaa juu yake, na akalia kidogo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwona. Aliposhuka aliona kwamba pale kwenye ukingo wake mpya kaa walikuwa wameanza kuchimba, na kwamba shimo lao lilikuwa limekandikwa.

Kuanzia msimu ule, katika kijiji kile maji huanzia mkiani. Wageni hushangaa kuona shamba la mbali likinywa kwanza na la karibu likinywa mwisho, wakasema watu hawa hawajui kulima.

Basi ninyi ambao maji hupita mlangoni penu, nawauliza: shamba la mwisho kwenye mfereji wenu ni la nani, na maji yalilifikia lini?